Funza wa Chuma

Saa tatu asubuhi funza wa chuma mia nne walimwagwa kwenye kidonda cha Ambakisye Mwakalobo, na yeye mwenye mguu hakusikia kitu. Kila mmoja alikuwa mdogo kuliko punje ya ulezi. Kwenye kioo kilichoning'inia juu ya kitanda aliwaona wamekuzwa, wanang'aa, wanatambaa kwenye unyayo wake wa kulia wakionja nyama. Walipokuta nyama iliyokufa, waliila. Walipokuta iliyo hai, walisita, wakageuka.

"Utotoni mama alikuwa akitutoa funza kwa pini," alisema. "Uzeeni nawekewa kwa makusudi."

Sekela, fundi wa mtambo, alitabasamu bila kuondoa macho kwenye kioo. "Hawa watatoka wote, baba. Tunawahesabu wakiingia, tunawahesabu wakitoka."

Nyuma ya funza ulikuja mkono mwembamba wa mtambo walioupa jina la mfumaji. Ncha yake ilikuwa sindano nyembamba kuliko unywele. Ilichukua chembe zilizooteshwa kutokana na damu ya Ambakisye mwenyewe, ikazipanga mojamoja kuwa vijishipa vya damu na nyuzi za neva, pale pale funza walipopasafisha.

Kwa miaka kumi na tisa Ambakisye alikuwa mkaguzi wa njia ya waya iliyoshusha viazi na chai kutoka milima ya Rungwe hadi jijini Mbeya. Roboti zilikagua waya; yeye alikagua roboti, na kazi hiyo ilimtaka apande na kushuka milima kwa miguu. Kisukari alikuwa nacho miaka kumi na minne, nacho kilikuwa kimeua hisia za nyayo zake bila yeye kujua. Mwezi wa sita nati ilidondokea ndani ya buti lake. Aliikanyaga siku mbili nzima. Alipovua soksi akakuta imeganda damu, alishangaa kama mtu aliyeona damu ya mwenzake.

Kidonda kilikaa miezi mitatu bila kufunga. Hospitali mbili zilimwambia neno moja: kukata. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na mtambo.

"Sikuahidi mguu," daktari wa upasuaji, Dakta Kalinga, alikuwa amemwambia. "Nakuahidi siku tisa. Damu isipofika vidoleni siku ya tisa, sumu itaanza kupanda, nami nitakata chini ya goti. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, daktari."

Kila mchana alikuja dada yake, Tulinagwe, akiwa na bakuli la maharage na mboga zisizo na chumvi nyingi. Alikuwa na miaka sitini na minne, mkubwa wake kwa miaka sita, na alitembelea mguu wa bandia upande wa kushoto. Naye kisukari kilimkuta mapema. Mguu wake ulikatwa miaka ishirini na mmoja iliyopita. Wakati ule Ambakisye alifika wodini mara moja tu. Aliona blanketi limelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa, akaaga kwamba anawahi kazini, na hakurudi tena mpaka dada yake aliporuhusiwa kwenda nyumbani. Hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo. Sasa alikula chakula chake na kumshukuru, lakini macho yao yalipokutana, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyakwepesha.

Siku ya sita mambo yaliharibika. Kwenye kidole kidogo funza hawakugeuka. Walikula, wakaendelea kula, hadi weupe wa mfupa ukaonekana kiooni. Sekela aliwasimamisha na kumwita daktari.

Dakta Kalinga alikisogelea kioo. "Kidole hiki hakina kilicho hai," alisema. "Tukikiacha kitavioza vingine."

"Kimoja?" aliuliza Ambakisye.

"Leo kimoja."

"Na kesho?"

"Kesho sijui, mzee wangu. Nikisema najua nitakudanganya."

Akakubali. Kidole kilitolewa mchana huo huo, na kwa siku mbili zilizofuata alikuwa mtu wa kutazama dari. Alijipimia moyoni ngazi za nguzo za njia ya waya, akijiuliza mtu wa mguu mmoja angepanda hadi ya ngapi. Dada yake alikuja, akaketi kando yake.

Asubuhi ya siku ya tisa Dakta Kalinga alisimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma. Sekela aliwatoa funza wa mwisho, akahesabu mia nne, kisha akaelekeza kamera ya joto kwenye mguu. Siku ya kwanza picha ilikuwa ya buluu tupu, rangi ya mahali pasipo na damu. Sasa wekundu ulikuwa umeshuka kutoka kifundoni, umepita katikati ya unyayo na kugawanyika mara nne, ukaingia katika kila kidole kilichobaki.

Sekela alichukua pini, akagusa chini ya kidole gumba.

"Inauma," alisema Ambakisye.

"Pole, baba."

"Hapana. Rudia."

Akarudia. Ambakisye akafumba macho, machozi yakamtiririka hadi masikioni, na wala hakujaribu kuyafuta. Dakta Kalinga alivuta kiti, akaketi kwa uzito kama mtu aliyeshusha gunia. "Mguu ni wako," alisema. "Nenda nao nyumbani."

Mchana Tulinagwe alipofika, alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu nje ya shuka. Alijiinamisha kwa shida, akaushika kwa mikono miwili, akaubonyeza hapa na pale.

"Una joto," alisema.

"Dada, nisamehe. Ulipokatwa nilikukimbia."

"Ulikimbia, ndiyo." Hakuuachia mguu. "Unajua hawa funza walijifunzia wapi kutofautisha nyama hai na mfu?"

"Kwa mashine zingine, nadhani."

"Kwa miguu iliyokatwa. Waliotengeneza mtambo waliitunza hai siku mbili tatu kwa pampu ya damu, funza wakafundishwa humo. Tuliombwa sahihi. Mimi niliweka yangu."

Ambakisye aliinamisha macho kwenye mguu wake.

"Miaka mitano baadaye waliniandikia barua ya shukrani. Niliwauliza mguu wangu ulikuwaje, nao hawakunificha. Funza waligeuka karibu kila mahali. Sehemu kubwa ilikuwa hai bado, Amba. Mtambo huu ungekuwepo siku ile, ningebaki na mguu wangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Hukuwa unanitazama."

Alimtazama sasa. Uso wa dada yake ulikuwa umechoka na ulikuwa mtulivu, na ndani ya macho yake mlikuwa na furaha na kitu kingine alichokiacha kionekane bila kukificha.

"Ningependa kukwambia nimefurahi tu," alisema Tulinagwe. "Lakini leo nimefurahi zaidi kuliko vile nilivyoumia. Hilo ni kweli."

Ambakisye akauweka mkono wake juu ya mkono wa dada yake, wakakaa hivyo. Kisha Tulinagwe akavuta mkoba, akatoa soksi mpya ya sufu, akaigeuza ndani nje na kuipapasa yote kwa vidole, mpaka kwenye ncha, kuhakikisha hamna kitu.

"Lete mguu," alisema. "Sakafu ya hapa ni baridi."