Bibi Harusi Asiyeruhusiwa Ukumbini

"Bibi harusi ndiye yupi?" dada wa kaunta ya bandarini aliuliza, macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Huyu hapa!" Osniel akanivuta kiuno, akanisogeza mbele kama mtu anayeonyesha gari jipya. "Keshokutwa, saa tano asubuhi, nahodha anatufungisha ndoa. Na huyu ni mama yangu, mkuu wa sherehe."

"Mkuu gani? Mimi nakuja kula tu," alisema Mama Eneida, na watu wa nyuma yetu kwenye foleni wakacheka.

Dada naye akacheka. Akapokea kadi za chanjo ya korona za Osniel na mama yake, akazitazama, akawafunga bangili za kijani mkononi. Kisha akanigeukia mimi.

"Dada Idalmis, kwako sioni kitu. Kwenye fomu ya mtandaoni umeandika kwamba hutaki kujibu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha saluni yangu, wiki nzima.

"Sheria ya Florida inasema kampuni hairuhusiwi kumdai mteja cheti cha chanjo," nilijibu.

"Ni kweli kabisa, na mimi sikudai," alisema kwa upole. Ilionekana alishayasema maneno yale mara mia tangu asubuhi. "Ila asiyeonyesha, sisi tunamhesabu kama hajachanjwa. Utapimwa hapa hapa, utavaa barakoa ndani ya meli, utakula upande wa wasiochanjwa. Na kuna sehemu hutaingia." Akabonyeza kompyuta, uso ukabadilika. "Samahani. Ukumbi mdogo wa ghorofa ya kumi na moja, mliokodi kwa harusi, ni wa waliochanjwa tu."

Osniel akaangua kicheko. "Yaani bibi harusi asiingie kwenye harusi yake mwenyewe? Mpenzi, mwonyeshe kadi tumalize. Sheria utabishana nayo ukirudi."

"Nimeisahau nyumbani."

"Aa, kumbe ni hilo tu! Nyumbani Hialeah ni nusu saa, meli inaondoka saa kumi. Nakwenda naichukua. Iko droo gani?"

"Osniel..."

"Niambie droo gani, nikimbie."

Nikaangalia bangili ya kijani mkononi mwake. Aliendelea kutabasamu, kisha tabasamu likaanza kumtoka polepole, kuanzia machoni.

"Idalmis. Droo gani?"

"Haipo kwenye droo yoyote," nilisema. "Sikuchanjwa."

Ilikuwa Julai mwaka 2021. Ili mnielewe, na sisemi mnihurumie, lazima niwarudishe nyuma kidogo.

Osniel alikuwa fundi wa viyoyozi, mwanamume wa miaka thelathini na tisa anayeimba akiwa juu ya paa za watu. Agosti ya mwaka uliotangulia korona ilimchukua baba yake, mzee Heriberto. Hawakuruhusiwa kuingia wodini. Nesi aliwashikia simu ya kioo kikubwa, wakamuaga mzee kupitia kioo. Tangu siku hiyo Osniel alimfungia mama yake ndani. Mama Eneida ana mapafu mabovu tangu utotoni. Kwa miezi minane nilikuwa nikimsalimia nikiwa nimesimama barazani, yeye yuko ndani ya dirisha, tunapungiana mikono kama wafungwa.

Chanjo ilipofunguliwa kwa watu wote, Osniel alitangulia. Aprili ikafika zamu yangu. Niliendesha gari hadi kituoni, nikaingia kwenye foleni ya magari. Redioni wakawa wanazungumzia wanawake waliopata damu kuganda baada ya aina moja ya chanjo. Nikazima redio. Mbele yangu yalibaki magari manne. Yalipobaki mawili nikakata kona, nikaondoka.

Nilikuwa bado sijafika barabara kuu alipopiga simu.

"Vipi, umeshamaliza?"

Ningesema hapana. Neno moja tu. Badala yake nikasema, "Nimemaliza. Mkono unauma kidogo."

Akatuma ujumbe dakika ileile: "Njoo moja kwa moja nyumbani. Mama anataka kukukumbatia."

Nikaenda. Nilipita kwanza saluni, nikabandika plasta begani. Mama Eneida alinifungulia mlango mwenyewe, akanikumbatia muda mrefu, analia na kucheka, ananiambia nimenenepa. Zaidi ya mwanawe, hakuwa amemgusa mtu kwa miezi minane. Mimi nimesimama pale, plasta begani, na chini ya plasta hakuna kitu.

Nilijiambia nitarudi kuchanjwa kesho yake. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Hata dozi ya pili nikadanganya kwamba nimepata. Kila Jumapili nilikula mezani kwao maharage meusi na ndizi za kukaanga, nikimbusu mama shavuni.

Mwezi wa tano tukasikia habari za sheria mpya ya jimbo. Tulikuwa mezani.

"Sasa wametuweza," Osniel alisema. "Kampuni ikiuliza cheti inapigwa faini. Mimi nitamjuaje aliyekaa karibu na mama?"

"Ni siri ya mtu na daktari wake," nilisema.

"Siri yake, lakini pafu ni la mama yangu."

Nikaongeza wali kwenye sahani yake. Moyoni nilikuwa nimepumua. Nilidhani ile sheria imenipa mahali pa kujificha. Ndiyo maana nilijitolea kushughulikia mimi mwenyewe fomu zote za safari. Barua pepe za kampuni zilipokuja na masharti ya wasioonyesha vyeti, nilizifuta bila kuzisoma hadi mwisho. Habari ya ukumbi ilikuwa humo.

Turudi kwenye kaunta.

Osniel alinishika mkono, akanitoa kwenye foleni, tukasimama kando ya mabenchi. Begi la gauni langu la harusi lilikuwa begani kwake.

"Aprili," alisema. "Uliponiambia mkono unauma."

"Nilifika, Osniel. Nilikuwa kwenye foleni kabisa. Niliogopa."

"Na ile plasta?"

"Niliibandika mimi."

Akahamishia begi la gauni bega la pili. Nilitamani apige kelele.

"Miezi mitatu," alisema mwishowe. "Miezi mitatu unamkumbatia mama yangu. Mimi ndiye niliyekuita uje umkumbatie. Ningemzika yeye naye, na nisingejua ni nani aliyemletea."

"Lakini hakuugua..."

"Usiseme hivyo!" Sasa sauti ilipanda. "Hakuugua kwa bahati. Usinipe bahati kama zawadi."

"Naweza kupimwa sasa hivi. Dada amesema naweza kupanda. Tutafunga ndoa mahali pengine, hata kwenye sitaha."

"Sheria inakuruhusu upande," alisema. "Mimi nakuomba usipande."

Mama Eneida alikuwa amesogea. "Osniel, turudi nyumbani wote. Safari zipo tu."

"Hapana, mama. Umekaa ndani mwaka mzima ukitazama ukuta. Utaiona bahari."

Akanikabidhi begi la gauni kwa mikono miwili, taratibu, kama linaweza kuvunjika. Wakarudi kwenye foleni. Mama aligeuka mara mbili. Osniel hakugeuka.

Nikakaa kwenye lile benchi hadi wasafiri wote walipokwisha. Mlinzi mmoja akaja kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, nimechelewa.

Nilituma ujumbe mwingi siku zile nne walizokuwa baharini. "Nisamehe." "Naomba tuongee." "Niambie hata neno moja la kunitukana." Wote ulionyesha umesomwa.

Siku ya sita simu iliita. Alikuwa Mama Eneida.

"Mwanangu, umekula?"

Nikaanza kulia.

"Lia umalize, nipo." Akasubiri. "Nataka kukuuliza kitu kimoja. Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Niliona aibu, mama."

"Aibu ya nini? Mimi mwenyewe nilitetemeka hadi nesi akaniletea kiti. Ungeniambia, ningekaa nawe kwenye gari. Ningekushika mkono hadi wamalize."

Nimeishi na sentensi hiyo hadi leo. Mtu niliyemhatarisha ndiye ambaye angenishika mkono. Kilichohitajika kilikuwa simu moja.

Wiki iliyofuata nilikwenda kuchanjwa. Mama Eneida alikaa nami kwenye gari, barakoa mbili usoni, madirisha yote wazi, amenishika mkono wa kulia nesi akinichoma wa kushoto. Ilichukua sekunde tatu. Sekunde tatu, jamani.

Osniel alikuja saluni mwezi wa tisa, akasimama mlangoni.

"Mama ameniambia umechanjwa. Nimefurahi kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu tu?"

Akazungusha funguo za gari kidoleni. "Idalmis, hofu yako ningeibeba. Ningekucheka kidogo, halafu ningekupeleka mwenyewe. Lakini sasa ukiniambia umepita dukani kununua mkate, natamani kuuona mkate. Siwezi kuishi na mke hivyo. Nimejaribu kujilazimisha, nimeshindwa."

"Nipe muda nikuonyeshe."

"Nilijipa mimi huo muda. Haujasaidia."

Akaondoka. Gari lilikaa muda mrefu nje bila kuwashwa. Nilisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa. Nami sikutoka. Kwa mara ya pili niliogopa, na kwa mara ya pili nikanyamaza.

Miaka miwili ikapita. Mama Eneida hakuniacha. Kila baada ya wiki mbili alikuja nimsuke au nimpake rangi nywele, tukazungumza mambo yote isipokuwa moja. Hadi siku aliyokaa kitini akanitazama kupitia kioo.

"Osniel anaoa Jumamosi. Binti wa Tampa, mwalimu. Nilitaka usikie kutoka kwangu."

Nikaendelea kuchana. "Ni mtu mzuri?"

"Ni mzuri. Hajui kupika."

Tukacheka wote.

"Nani atakutengeneza nywele siku hiyo?" nilimuuliza.

"Sikuthubutu kukuomba."

"Njoo saa mbili asubuhi."

Jumamosi nikampandisha nywele juu, nikamchomekea ua jeupe upande wa sikio. Saa nne Osniel akaja kumchukua, amevaa suti ya kijivu, kola imekaa vibaya. Vidole vyangu vilitaka kuinyoosha. Nikavipeleka kwenye mifuko ya aproni.

"Amependeza," alisema.

"Ni wako, mpeleke." Kisha nikaona nikinyamaza tena nitajuta mara ya tatu. "Osniel, pole kwa yote. Sikuwahi kukuambia uso kwa uso bila kuongeza neno 'lakini'. Nilikudanganya, nikamweka mama hatarini. Basi."

Alimtazama mama yake, kisha mimi.

"Nami nina langu," alisema. "Siku ile gatini sikukuuliza hata mara moja uliogopa nini. Nilikuwa namwona baba tu kwenye kile kioo. Nilifika kwenye meli ndipo swali likanijia. Nikaona nikirudi nitakuuliza. Nikarudi, nikawa nimekasirika zaidi." Akazungusha funguo za gari kidoleni. "Siku ile nje ya saluni yako, nilikaa kwenye gari nikisema ukitoka, nabaki."

Nilishika mgongo wa kiti.

"Nilikuwa nyuma ya mlango," nilisema.

Mama Eneida alinyanyuka, akanibusu mashavu yote mawili, akamshika mwanawe mkono. "Twende, watu wanasubiri."

Niliwasindikiza hadi kwenye gari. Nikamfungulia mama mlango, nikamkunjia gauni lisibanwe. Osniel akawasha gari.

"Nenda ukaoe," nilimwambia kupitia dirisha. "Na kila siku mwambie mkeo ukweli, hata ukiwa mdogo, hata ukiwa wa aibu. Naye mwombe hivyo hivyo."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoa gari taratibu hadi kwenye taa, akakata kulia. Nikarudi ndani, nikafagia nywele nyeupe zilizoanguka sakafuni, nikazima taa za kioo. Siku hiyo sikupokea mteja mwingine.