Sauti Nje ya Chumba cha Wanawake

Mama mdogo wetu ni mwalimu, na ukali wake usipime. Binti yake wa pekee, tuliyembandika jina la Chiriku kwa kupenda kusema, alisoma katika darasa analofundisha mama yake mwenyewe. Nyumbani alikuwa mama. Wakishavuka geti la shule ni Mwalimu, basi. Chiriku akijisahau akaita "mama" mbele ya wenzake, anasimamishwa ukutani. Tulimwambia amezidi, lakini mama mdogo haambiliki.

Siku ya ziara ya mji mkuu, kwenda kuona majengo ya kale, watoto waliimba njia nzima. Waliona mnara, wakaona mahakama ya zamani, wakapanda mizinga ingawa kibao kimekataza. Mwisho wakaingizwa kwenye gereza kuukuu, ambalo siku hizi ni makumbusho. Mzee anayetembeza wageni akawaonyesha chumba walimofungiwa wanawake. Akasema wengi wao walinyang'anywa watoto mlangoni hapohapo. Mtoto mmoja akauliza choo kiko wapi, wakatoka wakicheka.

Mama mdogo akabaki nyuma kuhakikisha hakuna aliyejificha. Alipogeuka, mlango ulikuwa umefungwa.

Akausukuma. Akaupiga bega. Haukutikisika. Akajisemea moyoni, hawa wananitania, leo watanitambua. Akafungua kinywa awagombeze.

Sauti haikutoka.

Ikasikika nje. Ni yake ileile, kavu, ya mtu aliyezoea kugomba: "Haya, mstari. Basi linatusubiri."

"Ndiyo, Mwalimu," watoto wakaitikia.

Akapiga mlango kwa viganja, akapiga kwa kiatu, mpaka ngozi ikachubuka. Hakuna aliyesikia. Kisha akamsikia Chiriku, karibu kabisa, upande wa pili wa mbao.

"Mwalimu, naomba nikae na wewe mbele."

Ile sauti ikanong'ona. "Mwalimu gani, mwanangu? Niite mama."

Mama mdogo akalala kifudifudi, akachungulia chini ya mlango. Aliviona viatu vya Chiriku. Mbele yake hapakuwa na miguu ya mtu.

"Hata hapa?"

"Hata hapa. Popote."

Chiriku akacheka. Kicheko kile ndicho kilichomkata maini mama mdogo, maana hakuwahi kukisikia shuleni. Viatu vikaondoka vikirukaruka. Akalia pale sakafuni bila sauti. Neno moja tu alimnyima mtoto, na sasa mwingine kampa.

Yule mzee ndiye aliyemtoa. Alikuja kufagia, akausukuma mlango kwa kidole ukafunguka.

"Mwalimu?" akasema kwa sauti ya chini. "Si nimekuaga sasa hivi, pale kwenye basi?"

Mama mdogo akavua viatu. Alikimbia uwanja mzima, viatu mkononi. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Chiriku alikaa kiti cha mbele, peke yake, mzima. Mama mdogo akamkumbatia mbele ya darasa zima, akamwita mwanangu, na sauti ikawa imemrudi. Mtoto alikuwa amekakamaa kama aliyeshikwa na mgeni.

Ndipo akaona nywele. Asubuhi ile alimchana tu. Sasa zilikuwa zimesukwa mistari myembamba, kazi ya nusu siku, zinang'aa mafuta.

"Nani kakusuka?"

"Mama," Chiriku akasema.

Nyumbani akaifumua yote. Ndani ya kila mstari mlikuwa na unywele mrefu wa mvi. Akazichoma zile mvi. Asubuhi Chiriku akaamka amesukwa tena. Wakamnyoa, lakini nywele zilipoanza kuota zilikuwa tayari zimegawanywa njia.

Siku hizi Chiriku hasemi sana. Jioni hukaa sakafuni, mgongo kwenye kiti kitupu, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesukwa. Juzi mama mdogo alishindwa kuvumilia, akaenda akikalie kile kiti yeye mwenyewe. Chiriku akanyoosha mkono kumzuia, kwa adabu kabisa.

"Samahani, Mwalimu. Mama amekaa."