Mafuta ya Breki ya Lori la Koplo

Kila asubuhi, kabla ya chai, Koplo alitoka uani kulijulia hali lori lake. Aliliendesha jeshini miaka kumi na tisa. Jeshi lilipouza magari yake makuukuu, akalinunua. Mkewe aliliita mke mwenza.

"Mke mwenzangu kaamkaje?" Bibi aliuliza akimimina chai.

"Hajambo. Anakusalimu."

Wiki hiyo nyumba ilijaa furaha. Binti yao alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Jumamosi Koplo angewaleta nyumbani, mama, mtoto na vyombo vyao, kutoka mtaa wa mlimani. Barabara ya huko ni mteremko mkali.

Jumatano Koplo alikuwa analiingiza lori uani, akitoka safari. Akakanyaga breki. Pedali ikazama hadi chini. Lori likakata kamba ya nguo, likasimama kwenye rundo la mchanga. Shuka za Bibi zikafunika kioo chote.

"Leo mke mwenza kajitanda," alisema Bibi.  Lakini aliuwaza ule mteremko, na mjukuu ambaye bado hajampakata.

Akaenda kumwita jirani yao, mwanamke mwenye karakana, ambaye mtaa mzima humwita Fundi Breki. Fundi alinyonya mafuta kidogo kwenye kikopo cha mafuta ya breki, akayatia kwenye gilasi. Yakajitenga. Ya njano yalikaa chini, ya zambarau yakaelea juu.

"Mzee, uliongeza nini humu?"

"Mafuta ya breki. Yalibaki kwenye kopo la shemeji. Jeshini hatutupi kitu."

"Kopo lilikuwa na kifuniko?"

"Lilikuwa na kitambaa."

Fundi alitabasamu. "Baba, haya ya zambarau ni ya silikoni. Haya ya njano ni ya kawaida. Hayapatani hata kidogo. Tena haya ya njano hunywa unyevu wa hewani kopo likikaa wazi."

"Kama chumvi isiyofunikwa," alisema Bibi.

"Hasa, mama. Breki zikipata moto, maji hayo huchemka na kuwa mvuke. Mvuke unabonyea. Ukikanyaga, pedali inazama."

"Basi niongeze ya zambarau mpaka yayashinde," alisema Koplo.

"Hapana. Tunamwaga yote, tunasafisha mabomba, tunabadilisha mipira ya ndani ya breki. Kisha tunajaza aina moja tu. Ila tusichague kwa rangi, maana rangi hupauka. Kitabu cha lori kiko wapi?"

Koplo aliinamisha kichwa. "Kilipotea siku nyingi."

Bibi aliingia ndani. Alirudi na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na cheti chao cha ndoa, na kitabu cha lori.

"Vitu unavyovipenda naviweka pamoja," alisema.

Koplo alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakifungua.

Ukurasa wa breki ulikuwa na muhuri wa karakana ya jeshi. Mafuta yalikwisha kubadilishwa tangu zamani: silikoni, namba tano.

"Nunua chupa mpya, haijafunguliwa," alisema Fundi. "Iwe imeandikwa DOT 5, na neno silikoni. Ukipewa tano nukta moja, rudisha. Hiyo ni aina nyingine."

Ijumaa, baada ya kusafisha na kubadilisha mipira, Fundi alilala chini ya lori ili kutoa upepo kwenye mabomba. Koplo alimimina mafuta mapya. Bibi alipanda kiti cha dereva, mara ya kwanza maishani mwake.

"Kanyaga, mama. Shikilia. Haya, achia."

Walirudia gurudumu moja baada ya jingine. Mwishowe pedali ikawa ngumu chini ya mguu wa Bibi. Fundi alilijaribu lori barabarani kwanza, likiwa tupu, akaridhika. Koplo akaandika kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha kikopo: SILIKONI, NAMBA TANO TU. Kopo la shemeji akampa Fundi akalitupe panapostahili. Alilitoa kwa shingo upande, lakini alilitoa.

Jumamosi waliteremka mlima polepole. Mtoto alilala mikononi mwa mama yake, katikati ya babu na bibi. Nusu ya mteremko, mbuzi akakatiza barabara. Koplo akakanyaga. Lori likasimama. Mbuzi akapita zake.

Mtoto hata hakuamka.

Bibi alishusha pumzi. Kisha akanyoosha mkono, akalipapasa lori chini ya kioo cha mbele.

"Ahsante, mwenzangu," alisema.