Mpenzi Aliyeulizia Maharage

Enyi wananchi wa Kasulu, wazazi, walezi, viongozi wa dini zote na wenye maduka, tulieni mnisikilize, kwa maana nina jambo zito ambalo halijapata kusemwa katika wilaya hii. Nilitaka kulisema kwenye mkutano wa mtaa, lakini mwenyekiti aliniambia nirudi nyumbani nikafue soksi. Basi ninaliandika.

Katika nyumba ya Bi Mwajabu, muuza vitenge, kulikuwa na amani. Ilikuwa likizo ya Juni. Maharage yalianikwa uani juu ya turubai, na binti yake Shadia aliyachambua pamoja na rafiki yake Verediana, huku wakimsengenya mwalimu wa hesabu. Wawili hawa walikula sahani moja tangu darasa la pili. Sasa mama yake Verediana, muuguzi, alikuwa amehamishiwa Kibondo, na Jumamosi wangehama. Walikuwa wameahidiana kwamba wiki ile hawataachana hata dakika.

Amani hiyo ilivurugwa na simu. Shadia alikuwa amepakua mchezo wa kutisha usio na kukimbizana wala bunduki: unasoma hadithi yenye picha, na kila ikifika njia panda unachagua jibu. Ndani yake yumo Elian, kijana mweupe kama unga wa muhogo, aliyekufa miaka mia iliyopita katika nchi ya theluji. Anakupenda. Anakupenda hivi: ukizoeana na mtu yeyote, mtu huyo anaokotwa kisimani. Kisha Elian anakuja na maua, analia, kinanda kinalia pamoja naye, na vitufe viwili vinatokea: Kimbia, au Msamehe.

Shadia alibonyeza Msamehe mara kumi na nne.

"Huyu si mpenzi," alisema Verediana. "Huyu ni fisi aliyevaa tai."

"Humwelewi. Hajawahi kupendwa."

"Na wale wa kisimani, wao walipendwa na nani?"

Msimcheke Shadia, ndugu wasomaji. Hadithi ile imetungwa ili umwonee huruma muuaji, na kuona huruma si dhambi.

Mchezo ulimwomba namba ya simu, "ili nikufikie hata ukinizima," naye akaijaza. Jumatatu alasiri ukaja ujumbe kutoka namba ngeni: "Mwidiwe, Shadia. Habari za hapo nyumbani? Mama hajambo? Maharage yamekauka? Ni mimi, Elian. Usimwambie mtu."

Nusu ya Shadia ilijua kwamba mzimu hanunui vocha. Nusu nyingine ilitetemeka kwa furaha, na hiyo ndiyo iliyojibu. Jumanne Elian akaandika kwamba Verediana anawatenganisha, asikae naye tena. Verediana alipobisha hodi, Shadia alimwomba mama yake aseme anaumwa. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi alimwandikia Elian: "Nimefanya ulivyotaka. Umefurahi?" Ijumaa Verediana aliacha mlangoni kitenge alichomshonea pindo, akaondoka bila kubisha.

Jumamosi asubuhi fuso ilikuwa imeshapakiwa vitanda na masufuria. Verediana aliruka chini, akapita uani, akaingia chumbani moja kwa moja na kuichukua simu. Alizisoma zile jumbe za Elian akiwa amesimama.

"Mtu aliyekufa kwenye theluji anakuulizia maharage?"

"Ana adabu," alisema Shadia, kwa sauti ndogo.

"Ana adabu za hapa, na anaamkia 'mwidiwe' kama Waha. Sisi wa kuja tulizishangaa: mtu wa huku haombi hata chumvi kabla hajaulizia mama, mbuzi na shamba. Huyu kalelewa Kasulu, Shadia. Huyu anakuona." Kisha sauti yake ikabadilika. "Nimekuja hapa mara tatu."

"Ningekuacha uondoke," alisema Shadia, akaanza kulia.

Honi ilipigwa. Katika siku tano zilizobaki za ahadi yao, walipata dakika kumi. Shadia aliikimbiza fuso hadi kituo cha mafuta, amejifunga kile kitenge, akipunga mikono yote miwili.

FUNZO

Wazazi, msizivunje simu. Hadithi ya kutisha ni tamu, na hata mimi nazipenda. Ila wafundisheni watoto kwamba anayekupenda hakupunguzii watu. Anayetaka kwanza ubaki peke yako ndipo akupende, hata akilia vizuri namna gani, bonyeza Kimbia. Ama yule mhalifu aliyeandika zile jumbe, hajulikani hadi leo. Mungu amsamehe.

Nilipofika hapa Shadia alinichukulia daftari, akasoma lote. Hakugomba. Aliuliza jambo moja: ujumbe wa Alhamisi aliufuta kwa aibu kabla Verediana hajafika, hakuna aliyeuona. Mwandishi ameujuaje?

Ni mimi. Nurudini, mdogo wake, kidato cha pili, shule ya bweni, laini ya pili ya simu. Nilikusudia utani wa siku moja. Jumanne ningeweza kusema. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kufanya jambo kwa sababu nimesema mimi. Alhamisi, nilipousoma ule ujumbe, nilikuwa nimeegemea ukuta wa chumba chake, nikimsikia akilia upande wa pili. Aliniuliza kama nimefurahi. Nilifurahi, dada.

Amesoma na hapo pia. Kisha ameniambia nivae viatu: basi la Kibondo linaondoka saa mbili, na Verediana nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu.