Ulimi wa Kukodi

Bi. Siajabu alichota kijiko cha pweza wa nazi, akakitia mdomoni, akafumba macho. Papo hapo, katika miji ya mbali ambako theluji ilikuwa ikianguka, maelfu ya watu waliojifungia majumbani mwao wakahisi tui zito likitanda juu ya ndimi zao, kisha ndimu, kisha ule ukali wa pilipili mbuzi unaokuja mwishoni kama mwalikwa aliyechelewa karamu.

Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na chakula mbele yake. Walikuwa wamevaa kichwani pete pana iitwayo kionjo, wameketi kimya kwenye viti vyao. Mwenye sahani alikuwa Bi. Siajabu tu, peke yake katika ukumbi wa kulia wa Hoteli ya Marijani, amezungukwa na meza tupu zilizotandikwa vitambaa vyeupe. Juu ya mtandio wake alivaa kofia nyembamba ya nyaya. Hiyo ndiyo mnasaladha, mashine iliyonasa kila alichoonja.

Nyuma ya kioo alikaa Mhandisi Raya Mbaruku, mbunifu wa mashine hiyo, akitazama mawimbi ya kijani yakipanda na kushuka.

"Tafuna polepole, Bi. Siajabu," alisema kwenye kipaza sauti. "Wanapenda pale pilipili inapoingia."

"Kama wanaipenda, waje waile."

Raya akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wote wawili walijua kwamba hakuna wa kuja.

Visiwa vya Shungi vilikuwa vikiishi kwa wageni. Kabla ya homa ya ukungu, ndege zilitua tangu alfajiri, na mji mzima uliamka kuzipokea: madereva, wapishi, wafuaji, wapiga ngoma, wasusi wa vikapu, wauza viungo. Kisha homa ikaja. Ilianza kwa kumnyang'anya mtu harufu na ladha, halafu ikashuka mapafuni na kuyajaza kitu ambacho madaktari walikiona kwenye picha kama ukungu. Nchi moja baada ya nyingine ikafunga viwanja vyake vya ndege. Chanjo ilipopatikana, homa ilibadilika. Chanjo nyingine ilipopatikana, ikabadilika tena. Roboti za mapokezi za Hoteli ya Marijani zikabaki zimesimama mlangoni, na kila upepo uliposukuma mlango ziliinama na kusema karibu.

Watu wa Shungi hawakufa wote kwa homa. Wengi walikonda tu. Walikula mihogo, kisha wakala majani ya mihogo, kisha wakaanza kutembeleana kwa nadra ili mwenyeji asiaibike kwa kukosa cha kumkaribishia mgeni.

Katika hali hiyo Raya alirudi kutoka masomoni na wazo lake. Alilieleza mbele ya wakubwa wa Wizara ya Utalii kwa maneno mepesi: ulimi hauonji chochote, ulimi ni tarishi tu, anayeonja ni ubongo. Ukiweza kusikiliza ujumbe ule unapopita kwenye mishipa ya fahamu, unaweza kuupeleka popote duniani, na mtu mwingine akaonja asichokula. Wageni hawawezi kuja Shungi, alisema, basi Shungi iende kwao. Wakubwa wakauita utalii wa ulimi. Likaundwa Shirika la Onja Shungi, na Talibu Jecha, aliyekuwa meneja wa Marijani, akapewa ukurugenzi.

Walijaribiwa wapishi wengi. Bi. Siajabu, mjane mnene mwenye sauti nzito, aliyekuwa mpishi mkuu wa hoteli hadi siku ilipofungwa, ndiye pekee ambaye mawimbi yake yalikuwa safi kama maji ya kisima. Alipoonja hakufikiri jambo jingine. Mwaka ule meli za unga zikaanza kuonekana tena bandarini. Watunza bustani waliitwa, wafuaji waliitwa, hata wapiga ngoma waliitwa wapige nyuma ya ukumbi ili mlaji awe na furaha. Mitaani watu walisema, "Tunakula kwa ulimi wa Bi. Siajabu," na walipomwona akipita walimwamkia kwa mikono miwili.

Siku ya harusi ya mtoto wa jirani, Bi. Siajabu aliombwa asimamie pilau. Ilikuwa harusi ndogo, kama zilivyokuwa harusi zote za wakati ule, watu wamekaa mbalimbali uani na barakoa wameziteremsha kidevuni. Binti yake, Salhia, ndiye aliyepakua. Watu walitia tonge la kwanza. Hakuna aliyetia la pili.

Salhia akaonja kidogo kutoka sinia la wanawake, kisha akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, hukuonja?"

"Nimeonja. Nimeonja mara tatu."

"Ni chumvi tupu, mama. Haiingii kooni."

Bi. Siajabu akachota pilau kwa kiganja, akala. Akachota tena. Alitafuna kwa muda mrefu, uso wake ukibadilika taratibu, halafu akachukua bakuli la siki akalinywa kidogo. Hakukunja uso.

Mlangoni alikuwa amesimama mama wa bi harusi. Alipoona hivyo alipandisha barakoa yake na kurudi nyuma hatua kwa hatua. Katika Shungi nzima kila mtoto alijua homa ya ukungu huanzia wapi. Ua likawa tupu kabla wali haujapoa. Mchana huohuo walinzi wa afya, roboti nyeupe zenye mikono laini, walimpakia Bi. Siajabu kwenye mashua ya karantini na kumpeleka kijisiwa cha wagonjwa. Salhia alikimbia ufukoni akipiga kelele, lakini roboti hazibishani na mtu.

Raya alipopata habari alikwenda moja kwa moja kituo cha vipimo. Damu ya Bi. Siajabu haikuwa na homa. Walipima tena, haikuwa na homa. "Tusubiri siku za karantini ziishe," daktari alisema. "Dalili ni dalili."

Raya akarudi kwenye chumba chake cha kioo, akafungua mawimbi yote yaliyohifadhiwa tangu mwanzo, akayapanga moja chini ya jingine. Ya kwanza yalikuwa marefu kama minazi. Ya mwisho yalikuwa mafupi kama nyasi zilizofyekwa. Hakuwa ameyaona yakifupika kwa sababu kila yalipopungua, yeye mwenyewe aliongeza kikuza. Kikuza kilikuwa kifaa kidogo alichokiongeza baadaye, baada ya wateja wa ng'ambo kutaka ladha kali zaidi. Hakikusikiliza mshipa wa fahamu; kiliupigia kelele ili uongeze sauti. Na mshipa uliopigiwa kelele kila siku ulikuwa umekuwa kiziwi.

Aliyafunga mawimbi yale. Kisha akaenda kwa Talibu.

Talibu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu mpole aliyezika ndugu zake wawili katika homa ile.

"Unaweza kuirekebisha?" aliuliza.

"Naweza kukitoa kikuza. Lakini bila kikuza ujumbe haufiki ng'ambo ukiwa na nguvu. Watauona mwepesi."

"Na wakiuona mwepesi?"

"Watavua vionjo."

"Basi meli hazirudi." Talibu akasugua macho. "Raya, mwanangu, watu wanakufa hapa. Ulimi haujaua mtu."

"Yule mama hatasikia tena ladha ya chakula, bwana Talibu."

"Nimekuelewa. Nami nakuuliza, wale wengine wasikie ladha ya nini?"

Raya akasukuma kiti nyuma, akasimama. Aliondoka, akapanda mashua ya kwanza kwenda kijisiwa cha wagonjwa.

Walizungumza kupitia dirisha la kioo. Nyuma ya Bi. Siajabu kulikuwa na vitanda, na kutoka vitandani kulikuja kikohozi kisichokoma. Raya alieleza kila kitu, kuanzia kikuza hadi mawimbi yaliyofupika. Bi. Siajabu alisikiliza huku akimtazama mdomo.

"Uliniambia mashine yako inasikiliza tu," alisema mwishowe.

"Mwanzo ilikuwa inasikiliza."

"Halafu?"

"Halafu tukaanza kuilazimisha."

"Tukaanza nani? Mimi nilikuwa natafuna."

Raya akainamisha kichwa.

"Usiiname. Nitazame. Mama yangu hakunifundisha mchuzi kwa maneno. Alinipa kijiko, akaniambia onja, kimepungua nini? Ndivyo nilivyojifunza, na ndivyo nilivyokuwa namfundisha Salhia. Sasa nikimpa kijiko nitamuuliza nini? Hata maziwa ya ng'ombe na maji ya kuoshea mchele kwangu sasa ni kitu kimoja." Akasogea karibu na kioo. "Itarudi?"

"Sijui. Sidhani, Bi. Siajabu."

Bi. Siajabu akapiga kioo kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, hata mgonjwa mmoja akaamka. Halafu hasira ikamtoka usoni, akawa mwanamke aliyechoka tu.

"Kuna wengine mnaotaka kuwavisha kofia ile?"

"Shirika linatafuta waonjaji kumi. Mafunzo yanaanza wiki ijayo."

"Basi unafanya nini hapa? Nenda kaseme."

Raya alikwenda kusema. Alisimama kwenye redio ya taifa, akaeleza kwa lugha ambayo kila mtu angeielewa kwamba mnasaladha inaua ladha ya mwonjaji, kwamba hajui dawa yake, na kwamba kosa ni lake. Aliizima mashine, akamkabidhi Talibu ufunguo wa chumba cha kioo. Jioni ile watu walizungumza habari hiyo katika kila baraza, na wengi walimlilia Bi. Siajabu. Siku za karantini zilipokwisha, alirudishwa mjini bila homa, na Raya akaenda bandarini kumpokea.

Njia ya kutoka bandarini hupita mbele ya Hoteli ya Marijani. Walipofika hapo walikuta watu. Foleni ilianzia kwenye lango la hoteli, ikafuata ukuta, ikapinda kona, isionekane mwisho wake. Walikuwa wanaume na wanawake, wote na barakoa, wote kimya.

"Kuna nini?" Raya alimuuliza mzee mmoja.

"Waonjaji, bibi. Tulidhani nafasi ni kumi tu. Wewe ulivyosema redioni kwamba ndimi zinachakaa, tukajua zitatakiwa nyingi."

Raya akaitazama foleni tena, tangu langoni hadi konani. Bi. Siajabu alikwisha kumpita, akitembea kando ya foleni, akiwaambia mmoja mmoja warudi nyumbani. Walimwamkia kwa adabu, walimpa pole, na hawakuondoka. Karibu na lango alisimama ghafla. Msichana mmoja alikuwa amegeuzia uso ukutani, barakoa imefika machoni, lakini kanga aliyojifunga ilikuwa ya Bi. Siajabu mwenyewe.

"Salhia."

Msichana hakugeuka.

"Salhia, mwanangu. Umemsikia Raya redioni? Umesikia mashine imenifanya nini?"

"Nimesikia, mama."

"Na bado?"

Salhia akageuka. Alikuwa amekonda sana katika siku zile ambazo mama yake hakuwapo.

"Mama, wewe huna ladha, lakini ulikula. Mimi ninao ulimi mzima, sina cha kuuonjesha. Tangu walipozima mashine sijatia kitu chunguni."

Lango likafunguliwa. Ndani, vijana wa Shirika walikuwa wamewasha mashine. Talibu alikuwa amemtafuta fundi mwingine, kijana aliyesoma miezi michache na asiyejua kikuza kinafungwa wapi. "Wa kwanza!" akaita mtu.

Raya aliona Bi. Siajabu akimshika binti yake mkono, akauona ule mkono ukikaza, kisha ukilegea. Mwanamke yule akamgeukia.

"Ingia naye," alisema.

"Bi. Siajabu, mimi nimeapa sitaigusa tena."

"Ulivyoapa hukuniuliza. Wataiwasha ukiwepo, wataiwasha usipokuwepo. Usimwachie mwanangu mtu asiyejua inakouma." Akauachia mkono wa binti yake. "Mimi siwezi kuangalia. Nitakaa hapa nje."

Raya akaingia. Alimketisha Salhia kwenye meza ileile katikati ya ukumbi, akamvisha kofia, akaenda nyuma ya kioo na kumwomba kijana ampishe. Akakishusha kikuza mpaka chini kabisa. Sahani ikaletwa. Salhia akala tonge la kwanza, na mawimbi yakapanda, marefu, safi, kama ya mama yake siku ya kwanza. Kikuza hakikuyagusa. Raya akavuta pumzi.

Talibu akafungua mlango wa chumba cha kioo.

"Ng'ambo wanasema hakina ladha," alisema kwa upole. "Wameanza kuvua vionjo. Ongeza, mwanangu."

"Siongezi."

Sauti yake ilipita kwenye kipaza sauti kilichokuwa wazi. Ukumbini, Salhia alikuwa anatafuna polepole, amefumba macho, kama mtu asiyetaka tonge liishe. Aliyafumbua, akatazama kwenye kioo.

"Ongeza, dada Raya," alisema. "Wasije wakaondoka."

Raya akakishika kikuza. Kisha akaongeza.