Mandari Isiyo na Chumvi

Jua lilikuwa limeshainama nyuma ya maghorofa ya mjini wakati Kidawa aliposhuka sokoni Darajani na kikapu chake cha ukili. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, msimu wa joto, na kesho yake walikuwa wanakwenda mandari Fumba: yeye, mumewe Silima, binti yao Wanu, na mama mkwe wake, Bi Mwatima. Wangelala huko siku mbili, wapunge upepo, warudi. Safari yenyewe haikuwa kubwa. Kilichomkalia Kidawa kichwani ni chakula.

Bi Mwatima alikuwa mgonjwa. Tangu Idi miguu yake ilikuwa imevimba, ngozi imewamba na kung'aa, na ukiibonyeza kwa kidole shimo hubaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Daktari alisema chumvi ndiyo adui. Asile hata chembe. Asile samaki wa ng'onda, asile papa mkavu, achari asiitazame.

Kidawa aliyashika maneno hayo kama amana. Mwanzo alimpikia mkwewe chungu chake peke yake, lakini bibi alikuwa na mkono mwepesi, na kila sahani iliyompitia karibu aliidokoa. Kidawa akakata shauri nyumba nzima ile chungu kimoja, kisicho na chumvi, mpaka mama apone. Silima hakubisha, kwa kuwa kila mchana alikunywa supu yake mkahawani, na mkewe akijua akanyamaza. Wanu naye alirudi kutoka chuo cha Kurani midomo imemuwamba kwa embe mbichi la chumvi na pilipili. Hilo pia Kidawa alilijua. Aliyekula chungu kile asubuhi na jioni bila kudanganya alikuwa mpishi peke yake. Hakutaka mama wa watu ajione ametengwa.

Pale sokoni alinunua mayai ya kienyeji, ndizi mbivu, mapapai, unga wa mchele, tende na chupa ya asali. Borafya, muuza mayai, alichungulia kikapuni akacheka.

"Bi Kidawa, mwenda mandari au mwenda kupunga pepo? Mayai, asali, ndizi, mchele... Na chumvi, wasiyoitaka pepo, umeniambia huna haja nayo!"

"Daktari ndiye kasema."

"Haya. Mwambie daktari akuchukulie na ubani."

Kidawa alicheka naye. Akalipa, akaenda zake.

Nyumbani Bi Mwatima alikuwa kitandani, miguu imeinuliwa juu ya mito.

"Achari umechukua?"

"La, mama."

"Papa je?"

"Papa ana chumvi, mama."

"Basi nchukulie na sanda kabisa. Chakula hicho cha wafu."

Wanu alianguka kicheko. Kidawa alikaa ukingoni mwa kitanda akamweleza mkwewe taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Asubuhi watakunywa uji wa mchele wenye tangawizi. Mchana watakula changu aliyetoka kuvuliwa, achomwe kwa ndimu na bizari. Ukali wa ndimu utauhadaa ulimi. Katikati watatafuna njugu, mapapai, na mkate wa kumimina uliopakwa asali. Usiku ni wali mweupe na mayai, chakula chepesi kisichochosha tumbo.

"Na mimi nnakula hicho hicho, mama. Hutakula peke yako."

"Una moyo mzuri, mwanangu," alisema Bi Mwatima. "Lakini moyo mzuri haukolezi mchuzi."

Kabla ya kulala Kidawa alipekua furushi la mkwewe, kwa mzaha lakini kwa makini. Hakukuta kitu.

Banda la Fumba lilikuwa la Pandu, rafiki wa Silima. Liliezekwa kwa makuti, na nyuma yake kulikuwa na kichaka kilichoteremka mpaka kwenye mikoko. Mchana ulipita vizuri. Wanu aliokota makombe, Silima alilala chini ya kivuli, Bi Mwatima alikula changu wake akinung'unika, lakini akammaliza.

Sisimizi ndio waliomsumbua Kidawa. Walijaa kila mahali. Ukiweka kitu chini, hata hujageuka wamekwisha kukivamia. Jioni, alipokuwa akitafuta pa kuandalia, aliona jiwe pembeni ya kichaka. Lilikuwa bapa, laini kwa juu, kama kibaraza. Kwenye ufa wake kulikuwa na kipande cha kitambaa kilichochujuka rangi, na kando yake vigae vya chetezo cha kufukizia ubani kilichovunjika. Kidawa alidhani ni masalio ya watu wengine waliokuja mandari. Alilifuta jiwe kwa majani akaliona linafaa.

Adhana ya magharibi ilisikika kwa mbali. Silima alimshika Wanu mkono wakaenda kuswali kijijini.

Kidawa alipakua. Wali mweupe katikati ya sinia. Mayai ya kuchemsha pembezoni, bado na maganda yake. Ndizi. Mkate wa kumimina, asali juu. Aliliweka sinia juu ya jiwe, akalifunika kwa kawa, akarudi bandani kumsaidia mkwewe aliyekuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani.

"Mbona hukukileta?" Bi Mwatima aliuliza.

"Nimekiweka juu ya jiwe, mama. Huku sisimizi."

"Jiwe gani?"

"Lile la kichakani. Lenye kitambaa kwenye ufa."

Bi Mwatima aliacha kujipepea.

"Kakitoe."

"Silima hajarudi, mama, kita..."

"Kakitoe, Kidawa. Sasa hivi."

Upepo ulikuwa umekufa. Ndipo ilipokuja harufu. Tope la mikoko kwanza, lile jeusi la chini kabisa. Halafu mayai viza. Halafu kitu kitamu ndani yake, utamu wa jipu lililopasuka, mpaka Kidawa akaweka upindo wa kanga puani.

Na sauti.

Mtu alikuwa anamung'unya...

Kidawa alisukuma mlango wa nyuma, ulioelekea kichakani. Kawa lilikuwa chini. Mwanamke alichutama mbele ya jiwe, mgongo kwao. Kanga yake ilikuwa imelowa na kumganda, na mifupa ya uti wa mgongo ilihesabika chini yake. Alichukua yai zima, na ganda lake, akalitia kinywani. Hakukusikika mvunjiko. Koo lilitutumka, likashuka. Kisha midomo ikafunguka, na ganda likatoka polepole likiwa laini, linavuta ute kama ngozi iliyobabuka, likaanguka juu ya wali.

Akachukua jingine.

Kidawa alipaswa kupiga kelele. Lakini alikuwa amelelewa katika nyumba ambayo mtu akikutwa kwenye chakula hafukuzwi, na ulimi ukasema ulichozoea kusema.

"Karibu..."

"Tushakaribia," alisema mwanamke, bila kugeuka. "Tangu asubuhi twanusa."

Alikuwa peke yake.

Alishika tonge la wali, akalifyonza, akalirudisha siniani. Punje zilirudi nzima, moja moja, lakini zilikuwa za kijivu na zinateleza. Inzi walikuwa wameshatua, saa ambayo inzi hulala.

"Umekipika vizuri," alisema. "Safi. Siku hizi hawatuletei. Wakileta, wametia ile takataka nyeupe."

Akageuka.

Uso ulikuwa wa mwanamke wa kawaida, na hilo ndilo lililomtia Kidawa baridi. Ungeweza kupishana naye Jang'ombe ukampa salamu. Kilichokuwa si cha kawaida ni ulimi. Ulikuwa mpana, mweupe, hautulii mdomoni, na una vinundu chini yake kama mkono wa pweza.

Hakuwa anamtazama Kidawa. Alikuwa anatazama miguu ya Bi Mwatima.

Alikuja kwa magoti, akiburura kanga yake, na alipopita majani yalibaki na ute. Bi Mwatima alijaribu kujivuta, miguu haikumsikia. Mwanamke akaweka kidole juu ya muundi uliovimba. Akabonyeza.

Shimo likabaki.

"Na huyu pia?" alinong'ona, kama asiyeamini bahati yake. "Tangu lini hajala ile takataka?"

Kidawa hakutaka kujibu. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Tangu Idi."

"Umemtunza..." Mwanamke alitikisa kichwa kwa shukrani. "Umemlainisha. Hakuna anayetujali hivi."

Ndipo Kidawa alipoona alichokifanya. Vyungu vyote vile. Uji wa kila asubuhi. Mikono yake mwenyewe, kwa nia njema yote aliyokuwa nayo duniani.

Alikuwa anapika mtu.

Ulimi ule ukashuka mguuni. Ulijibandika. Ukapanda kutoka kifundoni hadi gotini, polepole, na vinundu vyake vikibanduka kwenye ngozi kimoja kimoja kwa mlio mdogo wa kunyonya. Bi Mwatima alifumba macho. Kidawa alitaka kumrukia yule kiumbe, lakini akainama akatapika mkekani.

Mara ulimi ukasimama.

Mwanamke alijikunja. Akakohoa. Akajifuta ulimi kwa viganja vyote viwili, kwa pupa, kama mtoto aliyelishwa shubiri. Halafu yote yakarudi... mayai, na ndizi, na maji meusi yenye vitu vyembamba vilivyokuwa bado vinajinyonganyonga, na nywele, nywele nyingi ndefu za mvi zisizo zake. Alitapika mpaka akabaki anahema.

"Imeharibika!" alilia. Uso wake ulikunjamana kwa kinyaa, kinyaa cha kweli, kama cha mwanadamu. "Mmeitia! Imeoza yote!"

Bi Mwatima alikuwa amefungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Ndani yake mlikuwa na bonge la chumvi ya mawe, na mkia wa ng'onda uliotafunwatafunwa.

"N'nayo," alisema. "Kila siku n'nailamba, Kidawa akenda jikoni. Tangu hiyo hiyo Idi. Hebu onja tena, kama umeipenda!"

Mwanamke alirudi nyuma. Alimpita Kidawa. Akasimama.

Akanusa.

Alirudi hatua moja, akaushika mkono wa Kidawa kwa vidole baridi, akaugeuza. Mpishi anapotaka kujua mchuzi umefika wapi hudondoshea tone kwenye kiganja, akalamba. Alimlamba hivyo hivyo. Mara moja, pale kiganjani. Akatulia, macho juu, akiusikilizia ulimi wake.

"Bado kidogo," alisema.

Na akashuka kuelekea kwenye mikoko.

Silima aliporudi na kandili aliwakuta wameshikana. Alilimulika sinia. "Nani kakifanya hivi?" aliuliza. Akalibeba mpaka ufukweni akamwaga. Asubuhi wali ulikuwa pale pale mchangani, maji yamekuja yamerudi, na kaa walikuwa wanauzunguka kwa mbali.

Walirudi mjini siku hiyo hiyo. Bi Mwatima alimwomba radhi mkaza mwanawe, na Kidawa akamwomba yeye. Labda wote wawili walistahili kusamehewa, au hakuna aliyekosa: mmoja alidanganya kwa tamaa, mwengine alitii kwa mapenzi. Hawakumsimulia mtu. Na ajabu, miguu ya bibi ikaanza kunywea. Daktari alifurahi, akamsifu Kidawa kwa chungu chake.

Kidawa alirudisha chumvi jikoni. Alitia kijiko, akaonja, akaongeza. Akaonja tena. Akaongeza.

"Mama, kikali!" Wanu alisukuma sahani.

"Kweli, Kidawa," Silima alisema kwa upole. "Leo mkono umekuteleza."

Alikula chakula chake chote. Kilikuwa kama maji.

Hata asubuhi moja viatu vyake vya kubadhi havikumwingia. Daktari alimkalisha, akabonyeza kidole juu ya mguu wake, na wote wawili wakalitazama lile shimo dogo lisilotaka kujaa.

"Mwajua wenyewe dawa yake kwenu," alisema daktari. "Chumvi. Usile hata chembe."

Jioni ile Silima na Wanu walikuwa wamekwenda msikitini. Bi Mwatima alifunga madirisha. Alimkalisha Kidawa karibu yake, akafungua fundo la kanga, akavunja kipande kikubwa cha chumvi ya mawe akampa.

"Daktari simsikilizi. Kula, mwanangu. Tafuna."

Kidawa alitafuna. Ilivunjika kati ya meno kama mchanga. Alingoja. Aliipitisha huku na huku, akaimeza, akalamba kiganja.

"Mama... una hakika hii chumvi?"

Bi Mwatima alichukua punje moja akaiweka ulimini. Uso ukamkunjamana, macho yakatoka machozi.

"Kali," alinong'ona. "Kali kama moto."

Kidawa alikitazama kiganja chake, kile kilicholambwa.

Chini, kwenye ngazi, harufu ya tope la mikoko ilikuwa imeanza kupanda, na mtu alikuwa anameza mate.