Meno Mawili ya Springi

Gari la Marsela lilizimika katikati ya mnada wa Karatu, ng'ombe wakipita huku na huku. Ilikuwa mwaka 1984. Marsela alikuwa mkunga wa zahanati, na siku hiyo alikuwa njiani kwenda kupima wajawazito wa Kansay. Alivaa gauni la maua ya njano na viatu vyeupe, ambavyo sasa vilikuwa vimezama kwenye samadi.

Mafundi wawili walifunua boneti, wakatafuta kabureta, wasiione. Ndipo akasogea kijana mrefu, shuka jekundu begani juu ya shati la kola ndefu. Aliitwa Metui, mwenyeji wa Piyaya, kijiji cha Wamaasai, mwenye kibanda cha kutengeneza redio pale sokoni.

"Dada, hili halina kabureta," alisema. "Lina mita ya hewa. Injini ikivuta hewa, kibao cha ndani kinafunguka, na nyaya zinapeleka habari petroli imwagike kiasi gani."

"Fundi redio amejuaje hayo?"

"Nilisomea umeme Arusha. Kilichomo humo hakina tofauti kubwa na kitufe cha sauti cha redio."

"Kwa hiyo nikiwasha nitasikia taarifa ya habari?"

"Na salamu za wapendanao," alijibu Metui bila kutabasamu. Marsela akacheka mpaka akasahau viatu.

Jumamosi Metui alifika nyumbani kwa baba yake Marsela, Mzee Qamara, mwalimu mstaafu, ambako gari lilikuwa limevutwa. Aliweka mita ya hewa juu ya meza ya jikoni, akabandua kifuniko cheusi, akaunganisha betri na kipimo chake cha umeme.

"Sukuma kibao polepole," alimwambia Marsela. "Mimi naangalia mshale."

Mshale ulipanda vizuri, kisha ukaanguka ghafla, ukapanda tena. Metui alimwonyesha mkono mwembamba wa shaba na njia nyeusi uliyoikwangua kwa miaka. Akaupinda kidogo sana, upite mahali ambapo hapajalika. Marsela akasukuma tena. Safari hii mshale ulipanda bila kuruka, na vidole vyao vikabaki pamoja juu ya kibao muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Na hili gurudumu lenye meno?" aliuliza Mzee Qamara.

"Linakaza springi ya kibao, mzee. Ukilikaza petroli inapungua, lakini gari linakosa nguvu. Hapa lilipo panatosha." Akachora alama ya rangi nyeupe kwenye jino.

Gari likawaka. Toka siku hiyo simu ya zahanati haikutulia, Metui akipiga kila mara.

"Mgonjwa ni nani?" Marsela aliuliza.

"Ni mimi. Kipimo chenu cha homa hakiwezi kuuona ugonjwa wangu."

"Basi njoo jioni, mpenzi. Dawa itakuwa chai na viazi."

Mwezi wa tatu, Marsela akimleta mjamzito kutoka Kansay, gari lilichoka kilimani, likakohoa na kuzimika. Mvua ilikuwa inanyesha. Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, wa kike, salama, lakini walikwama pale mpaka lori la mahindi lilipowachukua.

Kesho yake alisimama mbele ya kibanda cha Metui.

"Ungeniambia tu kwamba hujui magari."

"Marsela, niliiacha ile mita ikiwa sawa. Niruhusu niifungue niitazame."

"Yule mama angenifia mikononi. Usiguse kitu changu tena."

Wiki hiyo hiyo Metui alifunga kibanda, akaenda kutunza mitambo ya umeme kwenye hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Siku tatu Mzee Qamara alikula kidogo na kusema kidogo. Ya nne, aliweka kikombe chini.

"Binti yangu, petroli ilikuwa haipatikani. Nilitaka ikutoshe. Nilikaza lile gurudumu meno mawili, kwa kisu."

Marsela alifungua kifuniko mwenyewe. Alama nyeupe ilikuwa meno mawili pembeni. Alikaa kwenye ngazi, akalia, kisha akaenda posta kupiga simu hotelini.

"Metui, ni mimi. Nilikukosea. Ni baba aliyekaza springi, nami sikukupa hata nafasi ya kuifungua."

"Mtoto yule anaendeleaje?" aliuliza Metui.

"Ananyonya vizuri."

"Basi nimeshapoa. Nakuja Jumapili."

Mzee Qamara alimpokea getini akiwa amevaa koti lake la kanisani. "Kijana, kosa lilikuwa langu, lawama ukabeba wewe. Nisamehe." Metui aliinamisha kichwa, mzee akamshika mkono. Wakairudisha springi kwenye alama, wakapima tena. Mshale ulipanda laini.

"Gari tukalijaribu wapi?" aliuliza Marsela, akishika usukani.

"Mlima wa Ngorongoro. Likifika juu bila kukohoa, tutaendelea mpaka Piyaya. Mama anataka kumwona atakayenioa."

"Mwanaume ndiye anayeoa, Metui."

"Basi kubali nikuoe."

Marsela aliendesha kupita lango la hifadhi, akapanda kona moja baada ya nyingine ndani ya ukungu, injini ikivuma sawasawa. Juu kabisa alisimamisha gari.

"Nimekubali," alisema. "Sasa nifundishe namna ya kumwamkia mama yako kwa Kimaasai, nisije nikakuaibisha."

Metui alimfundisha njia nzima. Jua likielekea kushuka, bomani Piyaya, Marsela aliinamisha kichwa kama alivyofundishwa, na mama yake Metui akaweka kiganja juu ya nywele zake, akakiacha pale.